Kiki ya pikipiki ya zamani: chuma kidogo kilichovuka miaka yote ya Bukavu

BUKAVU, Kivu ya Kusini. — Pikipiki ya zamani ikikataa kuwaka, mwenyewe hulaumu kwanza injini. Anapiga kiki mara kumi, mara ishirini, jasho linamtoka. Kisha anaomba vijana wamsukume kwenye mteremko. Ikiwaka, anashukuru Mungu na kwenda zake. Jioni shida ni ileile.

Mara nyingi injini haina kosa. Kosa liko kwenye kiki yenyewe: ule mguu wa chuma ulio kando, pamoja na vipande vichache vilivyofichwa ndani, ambavyo mwenye pikipiki hajawahi kuviona. Mafundi wanaofanya kazi chini ya mwavuli au kando ya ukuta, kuanzia Nyawera hadi Kadutu na kwenye njia ya Panzi, hukutana na ugonjwa huo kila mara. Namna wanavyoutibu leo ina historia ndefu, na katika mji huu historia hiyo inahusu chakula cha watoto.

Kabla ya kiki

Pikipiki za kwanza duniani hazikuwa na kiki. Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo, ilikuwa na viwanda vyake vya pikipiki katika mji wa Herstal, karibu na Liège: FN, Saroléa na Gillet. FN, kiwanda kinachojulikana zaidi kwa bunduki, kilianza kutengeneza pikipiki mwaka 1901. Zile za mwanzo zilikuwa na pedeli kama za baiskeli. Mwendeshaji alikanyaga pedeli mpaka injini ishike, ama alikimbia huku akiisukuma kisha akaruka juu yake.

Kwenye nchi tambarare hilo liliwezekana. Kwenye mlima lilikuwa adhabu. Mwingereza Alfred Angas Scott, wa mji wa Bradford, alipoanza kuuza pikipiki zake mwaka 1908, aliziwekea kifaa cha kuwasha kwa mguu: unasimama, unakanyaga mara moja, injini inazunguka huku pikipiki yenyewe imetulia. Wengine wakaiga. Baada ya miaka kadhaa pedeli zikatoweka, kiki ikabaki.

Magari yalipita njia nyingine. Wazee wanakumbuka malori yaliyowashwa kwa manivela, ile fimbo iliyopindwa ambayo tanboi aliizungusha mbele ya gari, na ambayo ingeweza kumrudi na kumvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye starta ya umeme, na polepole manivela ikasahaulika. Kwa pikipiki ndogo mambo yalikwenda taratibu zaidi. Starta ya umeme inahitaji mota na batri yenye nguvu, na vyote viwili vina uzito na bei. Kiki inaomba mguu tu.

Pikipiki zilizozoea barabara mbovu

Nusu ya pili ya karne iliyopita, Wajapani ndio walioshika soko la pikipiki katika Afrika. Aina mbili zinafaa kutajwa, kwa sababu bado zinaonekana katika Kivu, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko wanaoziendesha.

Ya kwanza ni Yamaha AG100. Herufi hizo AG zatokana na neno la kilimo: ilitengenezwa kwa watu wa mashamba. Injini yake ni ya mipigo miwili, ina keria mbele na nyuma, na vyuma vya kuilinda inapoanguka. Ndiyo pikipiki ya mapadri, waagronomu na wauguzi wa maeneo ya afya. Chanjo nyingi zilifika vijijini zikiwa zimefungwa nyuma ya AG.

Ya pili ni Honda CG125, iliyotokea katikati ya miaka ya 1970. Honda waliitengeneza wakijua kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki hubeba mizigo kupita kiasi na huchelewa kubadilisha mafuta. Hivyo wakachagua injini rahisi, inayovumilia kutotunzwa vizuri. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi sana. Ndiyo sababu fundi wa Bukavu aliyejifunza kwenye Honda ya zamani hashangai anapofungua pikipiki mpya ya Kichina: anakuta ndugu zake wa damu.

Mji wenyewe ulizidi kuzihitaji. Bukavu, iliyoitwa Costermansville wakati wa ukoloni, imejengwa kwenye milima inayoingia ziwani kama vidole vya mkono. Ukitoka nje ya mji ni milima tena: barabara ya kitaifa namba 5 inashuka Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira, namba 2 inapita Walungu na Mwenga kuelekea Kamituga, namba 3 inakata msitu wa Kahuzi-Biega. Mvua ikinyesha, gari linakwama. Pikipiki inapita.

Miaka iliyofunga maduka

Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza zaïrianisation. Biashara za wageni zilikabidhiwa Wazaire, na nyingi zilibaki na rafu tupu kwa sababu wenye kuzichukua hawakuagiza bidhaa tena. Kipuri kilichokuwa kinanunuliwa dukani kikaanza kutafutwa kwenye pikipiki iliyokufa. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na 1993 katika miji mingi ya nchi. Vita ikaingia Bukavu mwezi Oktoba 1996, ikarudi mwezi Agosti 1998. Mwaka 2004, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, mji ulitekwa tena na maduka yakaporwa.

Kila mara jambo lilelile lilitokea kwa mafundi. Duka lilifungwa, njia ya bidhaa ikakatika, na kazi ikaendelea kwa vitu vilivyokuwepo. Wakongomani wana jina la maisha hayo: Ibara ya 15, yaani jipange mwenyewe. Lakini kujipanga hakukufanikiwa kwa kila kifaa. Batri iliyokufa haifufuliwi na fundi wa barabarani. Mota ya starta iliyoungua inahitaji waya mpya na mtu anayejua kuusuka. Kiki ni chuma, meno na resori. Kiliwezekana kufunguliwa, kuonekana kwa macho, kueleweka na kurudishwa.

Hata leo hali haiko mbali na hiyo. Mto Ruzizi unazalisha umeme mlangoni mwa mji tangu mwisho wa miaka ya 1950, na bado mitaa inakaa gizani kwa sababu ya delestaji. Anayetaka kuchaji batri husubiri. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango na pesa mkononi zikapungua. Uwanja wa ndege wa Kavumu nao ukafungwa. Motari anayenunua esansi ya chupa kwa Kadhafi, yule muuzaji wa bidoni kando ya barabara, hana pesa za batri mpya. Akiwa na kiki nzima, ana kazi. Kiki ikiharibika na starta imekufa zamani, anakuwa mtu wa miguu kama wengine.

Ndani ya karteri kuna nini

Anayetaka kuelewa kiki afikirie gurudumu la nyuma la baiskeli. Ukikanyaga mbele, linashika na kwenda. Ukirudisha nyuma, linalia trrr na halishiki. Kiki hufanya vivyo hivyo.

Mguu wa kiki umebana juu ya mhimili, ile fimbo ya chuma inayoingia ndani ya injini. Mahali vinapokutana kuna mistari midogo ya meno, ili mguu usiteleze, na buloni moja inayoubana. Ndani, mhimili una gurudumu la meno linaloshika upande mmoja tu. Ukikanyaga, meno yanashikana na nguvu inakwenda hadi kwenye injini. Injini ikiwaka, meno yanaachana, ili injini isije ikaurudisha mguu wa kiki juu ya mfupa wa mwendeshaji. Resori kubwa iliyojikunja kuzunguka mhimili ndiyo inayourudisha mguu juu.

Katika pikipiki nyingi za zamani, nguvu ya kiki hupita kwanza kwenye sanduku la vitesi na ambreyaji ndipo ifike kwenye injini. Hizo huwezi kuziwasha vitesi vikiwa vimeingia. Injini ikizimika katikati ya mlima, ni lazima utoe vitesi, ushike breki, ndipo upige. Nyingine, zilizokuja baadaye, kiki yake hushika moja kwa moja upande wa injini, hivyo unaweza kubana ambreyaji na kuwasha ukiwa kwenye vitesi. Fundi mwenye akili huuliza hilo kabla ya kushika kle.

Kuuliza kabla ya kufungua

Magonjwa ya kiki yana dalili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakomaliza pesa za mwenye pikipiki.

Mguu ukishuka na kubaki chini, resori imevunjika au imechomoka mahali pake. Mguu ukiteleza nje, na mhimili ukionekana umesimama, meno ya mguu yameliwa au buloni imelegea. Mguu ukizungusha mhimili lakini injini haizunguki na sauti ya kukwaruza inasikika ndani, meno ya ndani yamekwisha. Mguu ukigoma kabisa, huenda kipande kilichovunjika kimekwama kati ya meno, na kuulazimisha ni kupasua karteri.

Kuna dalili mbili zinazodanganya. Ya kwanza: kiki inashuka bure, na pikipiki hiyohiyo ikipanda mlima injini inapiga kelele lakini haisogei. Hapo kiki ni nzima. Ambreyaji ndiyo inayoteleza, pengine kwa sababu kamba yake imevutwa mno. Kuilegeza ni kazi ya dakika tano. Ya pili: kiki ni nyepesi lakini injini inazunguka. Fundi hutoa buji, huweka kidole juu ya tundu lake, na mwingine hupiga kiki polepole. Kidole kisiposukumwa na hewa, huenda kasoro iko kwenye pistoni na pete zake.

Mwenye pikipiki hupenda kusikia jibu la haraka. Lakini mafundi wazee walifundisha wanafunzi wao kutumia macho na masikio kwanza, kwa sababu kila kufungua kunakula jointi, mafuta na nusu siku ya kazi.

Kufungua na kurudisha

Ikiwa ugonjwa uko ndani kweli, kazi inafuata mpangilio. Mafuta ya injini yanamwagwa kwenye chombo safi na kuangaliwa: vumbi la chuma linalong'aa ni habari mbaya, vipande vya meno ni habari mbaya zaidi. Mguu wa kiki unatolewa. Vizi za karteri ya upande zinalegezwa kwa kuvuka, moja huku nyingine kule, ili karteri isipinde. Fundi mzuri huchoma vizi hizo kwenye kipande cha katoni kwa umbo lilelile zilivyokaa, kwa sababu urefu wake haulingani.

Ndani, kila rondeli ina nafasi yake. Wanafunzi wengi hukosea hapo: wanatoa vitu vyote kwa pamoja, wanaviosha kwa esansi, kisha hawajui kipi kilitangulia. Dawa ni kuvipanga chini kwa mstari, kimoja baada ya kingine, tangu cha kwanza kutoka hadi cha mwisho.

Wakati wa kurudisha, mambo mawili yanaamua kama kazi itadumu. Injini nyingi zina nukta mbili ndogo zilizopigwa kiwandani, moja kwenye mhimili na moja kwenye kipande chenye meno. Lazima zitazamane. Zisipotazamana, kiki itashika mapema mno au haitaachia. Jambo la pili ni resori. Haiwekwi ikiwa imelegea. Mhimili huzungushwa kidogo dhidi ya resori mpaka iwe na nguvu, ndipo ifungwe kwenye tundu lake. Asiyefanya hivyo atakuta mguu wa kiki unaning'inia kama mkono uliovunjika. Na resori iliyonyooka haipashwi moto ili ikunjwe upya: moto huitoa nguvu, na baada ya siku chache inalala tena.

Katika injini nyingine, mhimili wa kiki hautoki bila kupasua injini nzima katikati. Hapo gharama inapanda, na hapo ndipo vishawishi vinapoingia.

Kuchomelea au kutengeneza

Mguu wa kiki unapoteleza, njia ya haraka Bukavu ni kuuchomelea kwenye mhimili. Dakika chache tu, cheche zinaruka, motari anaondoka akifurahi. Si vigumu kumwelewa. Ana abiria wanaomngoja na deni la siku la kumlipa mwenye pikipiki.

Lakini karteri ya upande haitoki bila kuutoa mguu wa kiki kwanza. Pikipiki iliyochomelewa imefungwa kwa kufuli. Siku ambreyaji itakapochakaa, na kwenye milima hii itachakaa, fundi atalazimika kuukata mguu kwa msumeno, na mara nyingi mhimili unaharibika pamoja nao. Zaidi ya hayo, joto la kuchomelea linaunguza mpira unaozuia mafuta, na injini inaanza kuvuja. Kazi iliyookoa saa moja inakuja kudai injini wazi.

Kuna njia ya katikati, na wazee wa kazi wanaijua. Mara nyingi mguu ndio unaoliwa kwanza, mhimili unabaki mzima. Mguu wa pikipiki iliyokufa unaweza kufaa, ikiwa meno yake yanalingana. Ikikosekana, ule mwanya ambao buloni inaubana hupanuliwa kidogo kwa tupa, ili buloni ipate nafasi ya kukaza zaidi. Kipande chembamba cha bati kati ya mguu na mhimili kinaweza kumfikisha mtu nyumbani, ingawa si dawa ya kudumu. Na dawa bora kuliko zote haina gharama: kukaza buloni hiyo mara moja kwa wiki. Buloni iliyolegea ndiyo inayokula meno.

Kazi inayokimbia pamoja na mwenyewe

Historia hii ina upande mwingine, unaowahusu wale waliotoka. Mwaka 1996 Wakongomani wengi wa Kivu ya Kusini walivuka Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kigoma. Februari 2025 maelfu kwa maelfu waliingia Burundi, wengine wakivuka Ruzizi kwa miguu, maji yakiwafika kifuani. Wengine wako katika familia za kuwapokea, Bukavu kwenyewe au vijijini.

Anayekimbia huacha nyumba, shamba na mara nyingi pikipiki yenyewe. Sanduku la kle nalo ni zito. Kinachobaki kichwani ni mpangilio: rondeli ipi inatangulia, nukta zipi zinatazamana, resori izungushwe kiasi gani. Pikipiki za Burundi, Tanzania na Uganda ni zilezile kwa sehemu kubwa, na meno yao huliwa vilevile. Fundi aliyejifunza vizuri anaweza kukaa kando ya barabara ya kigeni, na kle ya kuazima mkononi, na kupata mteja wake wa kwanza kabla hajajua lugha ya mahali. Aliyejifunza kuchomelea tu anahitaji mashine, umeme na pesa za vyote viwili.

Hiyo ndiyo sababu ya kumruhusu mtoto anayekaa gereji baada ya shule ashike vitu kwa mkono wake, avipange chini kwa mstari, akosee na kurudia. Pikipiki za zamani zinapungua kila mwaka. Zikiisha bila mtu kuwa amezifungua mbele ya vijana, Bukavu itabaki na pikipiki mpya ambazo hakuna anayejua kuzifungua.

Karteri ikisharudi, mafuta yakishamiminwa na vizi kukazwa kwa kuvuka, fundi hawashi mara moja. Anatoa buji, anapiga kiki polepole mara tatu kwa mkono, anasikiliza. Mguu ukirudi juu wenyewe kila mara, bila kukwaruza, anarudisha buji na kumwita mwenye pikipiki.

— Papa, njoo upige wewe mwenyewe.